Namna ya Kumwajiri Mpishi wa Seminari Bila Kumuuliza Ameokoka Lini

Anza na sufuria.

Kabla hujaandika tangazo la kazi, kabla hujaitisha kamati, kabla hujamnong'oneza mtu yeyote kwamba nafasi imepatikana, wewe Mkuu wa Chuo amka saa kumi na moja alfajiri, ushuke jikoni, ushike mwiko. Chuo chenye wanafunzi mia na ishirini kina mwiko unaokaribia urefu wa mpini wa jembe. Songa ugali huo mwenyewe mpaka uive, moshi wa kuni ukikuingia machoni. Ukimaliza, kaoge, kaa mezani, andika sifa za mwombaji. Utaona karatasi imekuwa fupi: awe amewahi kupikia watu wengi, awe msafi, aweze kutunza stoo bila gunia kupungua, awe na subira na vijana wenye njaa. Hutaandika kwamba awe mshirika wa usharika fulani, kwa sababu muda wote ulipokuwa unasonga, usharika haukuhitajika.

Nayasema haya kwa uchungu. Kwa miaka minne nilikuwa katibu wa kamati ya ajira katika chuo kimoja cha theolojia, na siku moja tulimsaili mama wa makamo aliyeomba kazi ya upishi. Alikuwa ametoka mbali kwa basi la alfajiri, vyeti vyake vimo kwenye bahasha ya kaki, na bahasha kaifunga kwenye kanga isiloe. Upande wa pili wa meza tulikaa watu saba, watano wachungaji.

"Bwana Yesu asifiwe, mama."

"Amina, baba mchungaji."

"Mama, umeokoka lini?"

Akasema alibatizwa mtoto mchanga na kipaimara akapata akiwa darasa la sita. Akaulizwa anasali usharika gani, mchungaji wake ni nani, mumewe anashiriki Meza ya Bwana au hashiriki. Akaambiwa ataje nabii mdogo mmoja. Akamtaja Habakuki. Dakika ishirini zikaisha namna hiyo. Alikuwa na kovu la mafuta ya moto kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, kovu la mtu aliyekaanga maandazi ya watu wengi kwa miaka mingi, na hakuna aliyemuuliza habari zake. Hakuna aliyemuuliza debe moja la maharage linalisha watu wangapi. Kazi alipewa mpwa wa mjumbe mmoja, kijana mpole aliyejua mapambio. Wiki ya pili maharage yakaenda mezani hayajaiva, na usiku ule bweni zima likawa linapishana njiani kwenda chooni. Kwenye muhtasari nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba yule mama "hakukidhi vigezo". Vigezo gani, sikuandika, kwa sababu havikuwepo.

Basi mwongozo huu ni wa kuweka vigezo. Nauandika kwa ajili ya vyuo vya kikristo vya hapa Tanzania. Neno seminari kwetu lina maana zaidi ya moja: kuna seminari kuu za Wakatoliki kama Kipalapala na Segerea, kuna vyuo vinavyofundisha theolojia kama Makumira ya Walutheri na Kongwa ya Waanglikana, na kuna seminari za sekondari ambako mtoto husoma fizikia na somo la Biblia ratiba moja. Zote zina jiko. Zina mlinzi, dereva, fundi bomba, mhasibu, mkutubi, msajili, mtu wa bustani na mtu wa kufua mashuka ya wageni. Watu wakisikia "ajira seminari" hufikiria mwalimu wa Kigiriki na Kiebrania, kumbe kijijini mkate wa watu wengi unatoka kwenye zile kazi ambazo hazina kiti kwenye mahafali.

Ukishatoka jikoni, chukua orodha ya kazi zote za chuo, upige mstari katikati. Upande mmoja weka kazi ambazo imani ni sehemu ya kazi yenyewe. Mwalimu wa Agano Jipya anayewafundisha wachungaji watarajiwa, mlezi wa kiroho, mchungaji wa chuo, gombera wa seminari kuu ambaye lazima awe padre: hawa wadai imani yao bila kuona haya, na uiandike kwenye tangazo kwa herufi zinazosomeka. Upande wa pili weka wengine wote. Ukikwama, jiulize swali moja: kazi hii itaharibika wapi kama anayeifanya ni Mwislamu, au Msabato, au Mkatoliki kwenye chuo cha Kilutheri? Jibu likihusu kazi, liandike. Likihusu namna sisi tutakavyojisikia, lifute.

Sheria nayo inachora mstari huohuo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kinamkataza mwajiri kubagua kwa dini, kabila au mahali mtu alikotoka, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, maambukizi ya VVU, umri na mengine kadhaa. Kinamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Kisha kinaacha mlango mmoja: si ubaguzi kumchagua mtu kwa sharti linalotokana na asili ya kazi yenyewe. Mlango huo ni mpana wa kutosha kumpitisha mwalimu wa theolojia na joho lake. Mlinzi wa usiku ukimpitisha humo, atakwama, na mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwombaji akishaonyesha dalili za ubaguzi, ni wewe utakayetakiwa kueleza kwa nini tochi na filimbi vinahitaji cheti cha kipaimara.

Najua mchungaji mmoja kwenye kamati atanyanyua mkono hapa. Atasema: chuo chetu ni nyumba ya Mungu, kila mkono unaogusa kitu humu uwe umeokoka. Usimkatishe. Msikilize, halafu mwombe afungue Wafalme wa Kwanza, sura ya 5 na ya 7. Sulemani alipojenga Hekalu, alituma kwa Hiramu mfalme wa Tiro kuomba watu wa kukata mierezi, akikiri wazi kwamba kwao hakuna anayejua kukata miti kama Wasidoni, na ujira akaahidi kulipa kama Hiramu atakavyosema. Fundi wa shaba aliyesubu zile nguzo mbili za mlangoni, baba yake alikuwa mtu wa Tiro. Nyumba yenyewe ya Bwana imejengwa kwa mikono iliyochaguliwa kwa ustadi. Katika sura hiyohiyo ya 5 kuna jambo ambalo usiliige: shokoa ya watu thelathini elfu. Hilo nitalirudia nikifika kwenye mshahara.

Akishafunga hapo, mwombe afungue Matendo ya Mitume sura ya 6. Kwangu hii ndiyo sura ya ajira kuliko zote, na imeanzia jikoni. Wajane wa upande wa waliosema Kigiriki walikuwa wakirukwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Watu wakalalamika. Mitume hawakusema malalamiko yanavuruga amani ya kanisa. Waliwaita watu wote, wakataja idadi ya wanaotakiwa, wakataja sifa mbele ya kila mtu, wakauacha mkutano uchague. Sasa soma majina ya wale saba polepole: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kigiriki. Wengi wa wasomaji wa sura hii wameona hapo kwamba kazi ya kugawa chakula ilikabidhiwa upande ulioonewa. Ni kweli sifa mojawapo ilikuwa kujaa Roho, nami sikwepi hilo: wale walikuwa waumini wakichagua watumishi wa waumini wenzao, na mikono ikawekwa juu yao. Wewe hutamwekea mikono mpishi wako. Unachoweza kuchukua pale bila kupunguza hata nukta ni sifa iliyotangulia, ya kushuhudiwa mema na watu. Jirani Mwislamu anaweza kushuhudiwa hivyo na kijiji kizima.

Tangazo lenyewe ni kazi ndogo, ila watu huliharibu kwa mahali pa kulibandika. Likisomwa tu ibada ya pili, kati ya matangazo ya ndoa na michango ya bati, limesikika na washirika peke yao, na hapo ubaguzi umekwisha kufanyika kabla ya barua ya kwanza kufika. Libandike ofisi ya mtendaji wa kijiji, sokoni, stendi. Taja mshahara. Taja saa za kazi. Taja pia mambo ambayo mtu ana haki ya kuyajua kabla hajapoteza nauli: kama jikoni hupikwa nyama ya nguruwe sikukuu zikifika, sema, kama kuna sala ya asubuhi na wafanyakazi wanakaribishwa bila kulazimishwa, sema, kama wanalazimishwa, basi dakika hizo ni saa za kazi na zihesabiwe kwenye malipo.

Sasa tuje kwa ndugu.

Yethro, mkwewe Musa, katika Kutoka sura ya 18, alimpa mkwewe ushauri wa kuajiri ambao sijaona unaoushinda: chagua watu wanaoweza, wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia rushwa. Musa akaufuata. Kinachonigusa ni mwisho wa sura. Yethro akaaga, akarudi nchini kwake. Hakuacha kijana wa kuwekwa kwenye orodha. Mkwe wa namna hiyo ukimpata, mchinjie mbuzi.

Kanisa linaujua ugonjwa huu kuliko taasisi nyingi. Neno ambalo lugha za Ulaya hulitumia kwa kuwapendelea ndugu limetokana na neno la Kilatini la mpwa au mjukuu, kwa sababu ya mapapa waliowapa wapwa zao ukardinali na mali, mpaka Papa Inosenti wa 12 alipopiga marufuku desturi hiyo mwaka 1692. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 492, haimruhusu ndugu wa askofu mpaka daraja la nne, wa damu au wa ndoa, kuingia kwenye halmashauri ya fedha ya jimbo. Sisi tumetunga neno letu la mtaani, undugunaizesheni, na tukilitamka tunacheka. Mimi silicheki tena, tangu usiku ule wa maharage.

Dawa ya kimemo ni sauti. Kikija kikaratasi kutoka kwa mkubwa, "huyu ni kijana wetu, msaidieni", kipige muhuri wa kupokelewa, kipe namba ya faili kama barua nyingine, na siku ya kikao katibu akisome kwa sauti mbele ya wajumbe wote, pamoja na jina la aliyeandika. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa mwisho. Nilikisoma kimoja, chumba kikanyamaza, na hakikuja kingine. Mjumbe mwenye ndugu miongoni mwa waombaji atoke nje, mwili wake wote, si kukaa kimya tu pembeni. Macho ya mjumbe yanaongea.

Jambo ambalo ni gumu kulisema makanisani, na kwa hiyo nitalikalia, ni kabila. Hatulitaji. Tunasema "mtu wa dayosisi yetu", "anayeujua utamaduni wa hapa", "mshirika wa siku nyingi". Lakini kumbuka makanisa haya yalivyoenea. Wamisionari waliigawana nchi: Walutheri wakashika Kilimanjaro, Usambara, Bukoba na nyanda za kusini, Wamoravian Rungwe na Tabora, Waanglikana wa CMS Ugogo, wenzao wa UMCA Muheza, Masasi na Zanzibar, Wabenediktini Peramiho na Ndanda, Wamenonaiti Mara. Kwa hiyo katika sehemu nyingi dhehebu na kabila vililelewa nyumba moja, na mpaka leo ukisema "tunataka Mlutheri" kwenye mteremko fulani wa mlima, umesema kabila bila kulitamka. Ndiyo maana nasisitiza sharti la imani lisiwekwe ovyo kwenye kazi isiyolihitaji. Linapita mlangoni likiwa limevaa joho, na ndani ya joho kuna ukoo. Ukitaka kujua kama chuo chako kimepona, chukua orodha ya malipo ya mwezi uliopita, usome majina ya ukoo tu, kutoka juu mpaka chini. Utajua kabla hujafika nusu ya ukurasa.

Habari ya wanawake nitaipitia upesi kwa kuwa haihitaji hoja mpya. KKKT, kanisa la Kilutheri la hapa nchini, ilikubali kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990 na wa kwanza wakabarikiwa 1991. Msichana aliyezaliwa mwaka ule sasa ana umri wa kutosha kuwa mhadhiri. Kama chuo chako cha Kilutheri hakina hata mmoja darasani, usiseme waombaji hawapo. Angalia tangazo lilibandikwa wapi na nani alikaa kwenye kamati. Usimuulize mwanamke kama ana mpango wa kuzaa. Usimdai mtu yeyote karatasi ya kipimo cha VVU, kwa kuwa sheria ya mwaka 2008 imekataza kumlazimisha mtu kupima. Na kama chuo kina waajiriwa ishirini au zaidi, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka angalau asilimia tatu yao wawe watu wenye ulemavu, jambo linalokulazimu kuangalia ngazi za jengo la utawala kwa jicho jingine.

Usinakili sera ya ajira ya chuo rafiki cha Marekani. Wageni wetu huja nayo kwenye kompyuta, nzuri, imepangwa, unabadilisha jina tu. Huko Mahakama ya Juu ya nchi iliamua Januari 2012, katika shauri la shule ya Kilutheri ya Hosanna-Tabor, majaji wote kwa sauti moja, kwamba sheria za ubaguzi kazini haziingilii kanisa linapomchagua au kumwondoa mhudumu wake wa dini. Uamuzi ule una mantiki yake na historia yake. Sheria yako wewe ni ile ya 2004, na mlinzi wako si mhudumu wa dini kwa hesabu ya nchi yoyote.

Sasa nafika kwenye shokoa.

Palikuwa na mzee wa bustani. Kila aliyepita chuoni kwetu anaikumbuka ile michongoma iliyokatwa ikanyooka kama imepigiwa rula, na yale maua mekundu mbele ya kanisa la chuo. Mzee yule hakuwa na mkataba. Kwenye daftari la malipo jina lake liliandikwa ukurasa wa nyuma kabisa, chini ya kichwa "wanaojitolea", na mbele ya jina tarakimu ya pesa ya sabuni. Alianza akiambiwa ni kwa miezi michache, mpaka bajeti ikae sawa. Bajeti ilikaa sawa mara kadhaa: likajengwa jengo la wageni, likanunuliwa gari. Yeye akaendelea kujitolea miaka kumi na moja. Siku ya kumuaga tulimpa kitenge cha mkewe na Biblia ya maandishi makubwa, tukaimba, na mhubiri akasema thawabu yake ni kubwa mbinguni. Akashukuru kwa heshima. Halafu alipobaki na mimi nje akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na ile ya NSSF huwa inachukuliwa ofisi gani?" Haikuwepo. Hakuna mchango wa mwezi hata mmoja uliowahi kupelekwa.

Kwa hiyo hapa nitakuwa mkali. Wito ni wa anayeitwa. Mtu anaweza kusema, kwa sababu Mungu ameniita nitakubali mshahara mdogo. Hilo ni lake na Mungu wake. Mwajiri hana ruhusa ya kulisema kwa niaba yake. Ukitaka mtu ajitolee, awe na kazi nyingine inayomlisha, na siku asipokuja usimwandikie barua ya onyo. Ukimpangia saa, ukamdai ripoti, ukamkaripia akichelewa, huyo ni mfanyakazi, na kifungu cha 15 cha sheria ileile kinakutaka umpe kwa maandishi maelezo ya kazi yake, tarehe ya kuanza, mahali, saa, na malipo yanavyokokotolewa. Usipokuwa na karatasi hiyo siku ya shauri, mzigo wa kuthibitisha yaliyomo kwenye makubaliano unakuangukia wewe. Michango ya NSSF ni asilimia ishirini ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi kumi. Likizo ya mwaka ni siku ishirini na nane. Ya uzazi ni siku themanini na nne, na mia moja akijifungua watoto zaidi ya mmoja.

Mambo ya Walawi 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi. Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Papa Leo wa 13 aliandika waraka mzima juu ya wafanyakazi mwaka 1891, na kanuni ya 1286 ya Sheria ya Kanisa inawaagiza wasimamizi wa mali za Kanisa wafuate sheria za kazi za nchi na wawalipe watu ujira wa haki, wa kuwatosha wao na wanaowategemea. Maandiko hayo tunayafundisha kwenye somo la maadili, saa nne asubuhi, chumba namba tatu, dirisha likiwa wazi, na nje ya dirisha mzee anakata michongoma.

Mlinzi asisahaulike. Usiku, kati ya saa mbili na saa kumi na mbili, kila saa aliyofanya kazi inaongezewa asilimia tano ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Na kwa kuwa unauliza kuhusu dini ya mlinzi, nakupa faida moja ya kuajiri bila kuchagua dhehebu. Chuo kimoja cha jirani kina walinzi watatu: Msabato, Mwislamu na Mlutheri. Msabato hashiki zamu kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama. Mwislamu hupumzika mchana wa Ijumaa. Mlutheri huachiwa Jumapili. Geti halijawahi kukosa mtu hata siku moja. Kwetu, walinzi wote walikuwa wa usharika mmoja, na sikukuu ya Pasaka Mkuu wa Chuo alikuwa akilinda mwenyewe.

Bado usaili. Kila mwombaji aulizwe maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, na maswali yaandikwe siku moja kabla. Kila mjumbe ajaze alama zake kwenye karatasi na kuikunja kabla mtu hajafungua mdomo. Mkubwa wa kikao aseme mwisho. Hili la mwisho ni la lazima kwetu sisi, maana tumelelewa vizuri mno: askofu akishasema "huyu kijana ana kitu", wajumbe sita wanaanza kukiona.

Mwalimu afundishe saa moja darasani, wanafunzi wakiwepo. Mhasibu apewe daftari la mwezi lenye makosa matatu uliyoyapanda, ayatafute. Mkutubi apewe vitabu thelathini vilivyochanganywa, avipange na akueleze kwa nini. Dereva akupeleke mjini na kukurudisha kwa barabara ya vumbi, na usilale njiani.

Na mpishi apike. Ukiwa na waombaji watatu waliofika mwisho, wape kila mmoja unga, maharage yaliyolowekwa, kuni, sufuria na msaidizi, kila mmoja apikie wanafunzi arobaini. Walipe ujira wa siku, pamoja na nauli ya kuja na kurudi, na bahasha ziwe tayari kabla hawajawasha moto, wasije wakasubiri sahihi ya mhasibu mpaka basi la mwisho linaondoka. Vyeti vyao halisi warudishiwe mkononi siku hiyohiyo. Watakaokosa wapigiwe simu na katibu mwenyewe, waambiwe alama zao na walipopungukiwa.

Sufuria ziandikwe namba tu, moja, mbili, tatu, wapishi wakae bwaloni na kula pamoja na watu wote, na hakuna anayejua ipi ni ya nani isipokuwa katibu. Kengele ikilia, wanafunzi wajipakulie wanakotaka. Katibu asimame karibu na meza na karatasi yake, aandike saa ambayo kila sufuria imeisha.